Futi Mbili za Meza Mbele ya Mlango Wangu

Chumba Namba Saba,
Mkabala na bomba.
Jumatano.

Kumb. Na. UA/MEZA/1

Mwenyekiti,
Kamati ya Wapangaji,
Chumba Namba Tatu.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MEZA YA UANI, NA DHIDI YA NENO "KARIBU" LITOKALO HAPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, ingawa jana nilikusikia ukikohoa, nikajizuia kukuambia uchemshe tangawizi kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuamua kukuandikia kiofisi.

Najua wewe ni mdogo wangu wa kike, wa tumbo moja. Najua pia kwamba kutoka mlangoni kwangu hadi kwako ni hatua kumi na tisa, na kwamba ningeweza kuja na kandambili zangu nikakueleza haya yote kabla chai haijapoa. Lakini nimefanya kazi masjala miaka thelathini na minne, na kama kuna jambo moja nililojifunza katikati ya yale makabati, ni kwamba lililosemwa huondoka na upepo, na lililoandikwa hupewa namba. Kwa hiyo humu ndani mimi si kaka yako, mimi ni mpangaji. Ukishikwa na kicheko kama ilivyo kawaida yako, tafadhali weka barua chini, cheka mpaka umalize, kisha uendelee kusoma kama Mwenyekiti.

Miezi mitatu iliyopita, Kamati yako ilimpa Fundi wa chumba cha tano kazi ya kutengeneza meza ya uani, ili wapangaji wote wawe wanakula pamoja nje jioni badala ya kila mmoja kujifungia na sufuria lake. Fundi aliifanya kazi hiyo hapahapa uani wiki sita nzima. Alipiga randa, akapiga msasa, akapitisha kiganja juu ya mbao huku amefumba macho, kisha akapiga msasa tena. Hakuna msumari hata mmoja mle; kila mguu umechongwa ncha ukaingizwa kwenye tundu lake, ukashika kama umezaliwa hapo. Urefu ni futi ishirini na mbili, na mabenchi mawili ya urefu uleule, moja kila upande. Mbao ni mvule mtupu. Sitaki kusema uongo katika barua yenye kumbukumbu namba: ni meza nzuri. Ndiyo maana ni hatari.

Inaanzia pale jikoni na kuishia mbele ya mlango wangu, umbali ambao nikifungua mlango kwa hasira unagonga benchi. Baada ya utangulizi huo mfupi, sasa naorodhesha malalamiko yangu.

1. Idadi ya karibu.

Bomba liko upande wa kulia wa mlango wangu, choo kiko mwisho kabisa wa ua, na katikati sasa iko meza. Siwezi kwenda kokote bila kupita mbele ya watu ishirini wanaokula. Na wewe unajua watu wetu walivyo, mtu akiwa na tonge mkononi na mwingine akapita, lazima aseme, "Karibu." Hata angekuwa hampendi. Hata tonge lingekuwa la mwisho.

Zamani, kila mtu akiwa nyuma ya mlango wake, nilikuwa napata karibu mbili kwa siku, tatu mkizidisha. Sasa nimefanya hesabu. Kwa jioni moja napita mara sita, maana umri huu kibofu hakina subira. Sita mara ishirini ni mia moja na ishirini. Karibu mia moja na ishirini, Mwenyekiti, kabla sijavua viatu! Anasema Fundi, anasema Nesi, wanasema watoto wote wa chumba cha nane kwa mpigo. Unasema wewe mwenyewe, mdomo umejaa maharage. Hata kile kichanga cha Nesi kisichokuwa na jino kinanyoosha mkono.

Na usidhani naweza kujibu kwa jumla. Nilijaribu. Siku ya pili nilisema, "Asanteni jamani," nikapita zangu. Nilipokuwa narudi, Bibi wa chumba cha pili alinishika shati akaniuliza mbona nimewajibu wote nikamwacha yeye, ana ukoma? Tangu hapo nawajibu mmoja mmoja. Maji niliyokwenda kuchota yanafika ndani yakiwa yamepata joto la mkono wangu.

2. Uongo ninaolazimishwa kuusema.

Kila karibu ina jibu lake, na jibu lenyewe ni, "Asante, nimeshiba." Kwa hiyo kila jioni nasema mara mia moja na ishirini kwamba nimeshiba, na mara zote mia moja na ishirini sijala kitu. Mimi, niliyekabidhiwa funguo za kabati la siri na wakurugenzi watano waliofuatana, na hakuna aliyenihesabia karatasi! Uzeeni ndipo nimekuwa mwongo wa kulipia.

Tena uongo huu una gharama zake. Mtu akishatangaza kwamba ameshiba, hawezi kuingia ndani akakaanga kitunguu. Harufu ya kitunguu haina adabu, inatoka dirishani na kwenda kukaa mezani pamoja na wao. Inabidi ningoje mpaka wamalize, waoshe vyombo, wapige soga zao, waondoke. Wakiondoka na hamu imeondoka. Nakula mkate mkavu huku nimesimama.

Matokeo yake ni kwamba mshipi wangu umehitaji matundu mapya mawili. Nilikwenda kuazima kwa Fundi patasi ndogo ya kuyatobolea, akanitazama kuanzia juu hadi chini, akauliza, "Mzee, huo mshipi umerefuka au wewe ndiye umepungua?" Nikamwambia ngozi za siku hizi zinavutika. Hesabu na huo uongo pia, ingawa hautokani na karibu moja kwa moja.

3. Kuharibiwa kwa neno lenyewe.

Hapa naomba uvute kiti, maana jambo hili ni zito kuliko unavyofikiri.

Neno "karibu" lilikuwa na amani yake. Lilikuwa kama "hujambo". Mtu akikuuliza hujambo hategemei umfungulie orodha ya magonjwa. Yule anasema karibu, huyu anasema nimeshiba, kila mtu anaendelea na safari yake, sufuria liko salama na heshima iko salama. Ni makubaliano ya zamani sana, na yamewaficha watu wengi wenye sufuria dogo. Mimi sijawahi kuona kosa lake.

Sasa ninyi mmefanya nini? Mmeliwekea neno lile benchi! Mtu anasema "Karibu," na kweli pana nafasi. Siku moja Bibi alisema karibu huku ameshika sahani tupu mkono wa pili, na kijiko juu yake. Karibu yenye sahani si karibu tena, ni wito wa mahakama. Ukiikataa unakuwa umekataa kitu, na watu wameona.

Mtasema nakuza mambo. Basi tazameni jina la kifaa chenyewe. Wazee waliotuachia lugha hawakuwa wajinga. Waliona neno "meza" likitosha kwa kile kinachowekewa chakula na kwa kile koo linachofanya. Mwenye masikio alikwisha kuonywa. Meza hii imemeza ukimya wangu wa jioni. Imeimeza redio yangu, maana taarifa ya habari inakuja wakati ule ule Bibi anapofungua kinywa, na hakuna kituo cha redio chenye nguvu za Bibi. Hata hasira zangu za kawaida imezimeza: nilikuwa na ugomvi mzuri na watu wa chumba cha nane kuhusu kamba ya kuanikia nguo, ugomvi wa miaka minne, nilioutunza vizuri. Sasa nitaendeleaje na ugomvi na mtu anayeniita nikale mara sita kwa jioni?

Naongeza jambo ambalo halimo kwenye rasimu ya kwanza. Wifi yako, Mungu amrehemu, hakuwahi kusema ameshiba maisha yake yote. Akikaribishwa alikuwa anasema, "Naonja tu," na huko kuonja kulikuwa kunachukua saa nzima. Mimi nilikuwa nabaki ndani na redio. Watu wakiuliza mzee yuko wapi, yeye ndiye aliyekuwa anajibu kwa niaba yangu, na sijui alikuwa anawaambia nini. Tangu aondoke miezi minane iliyopita, karibu zote zinanijia mimi moja kwa moja, na mimi sikufundishwa.

4. Kosa la vipimo.

Hili ndilo lalamiko langu kubwa, na nililitegemea limalize kesi.

Meza ni ndefu kupita kiasi. Nilimwandikia Fundi dokezo kali kumuuliza futi ishirini na mbili amezitoa wapi. Akaja mlangoni, akasimama na kofia mkononi, akaeleza anavyofanya kazi. Yeye hapimi kwa macho. Alipewa na Kamati orodha ya wapangaji, akahesabu majina, na kila jina akalipa futi mbili za kukaa. Majina yalikuwa ishirini na mawili. Kumi na moja upande huu, kumi na moja upande ule, futi mbili mara kumi na moja, ishirini na mbili. Hata kichanga cha Nesi kimo, na Fundi akasema kitakua.

Nikamwambia, Fundi, hapo nimekukamata. Ua huu una watu ishirini na mmoja. Nimewahesabu mwenyewe dirishani, si mara moja. Umetengenezea mtu hewa, na mimi masjala niliwafuta watu hewa wengi kuliko nywele zako.

Fundi hakubishana. Alitoa orodha mfukoni, imekunjwa mara nne, ina vumbi la msumeno, akanipa. Nikavaa miwani. Ni mwandiko wangu, Mwenyekiti. Ile "k" yangu yenye mkia. Jina la kumi na nne ni langu. Jina la kumi na tano ni la wifi yako.

Masjala mtu akihamishwa, akistaafu, au akifariki, jina lake lilikuwa linapigwa mstari mwekundu kwa rula kabla ya saa kumi jioni ya siku hiyohiyo, na mimi ndiye niliyekuwa napiga. Sikuwahi kuchelewa. Nilipiga mstari jina la rafiki yangu wa dawati la mbele, kisha nikaenda kumzika. Sasa nimeiandikia Kamati orodha, miezi mitano baada ya msiba, na jina la mke wangu limo safi kabisa, halina hata nukta. Wino mwekundu ninao. Rula ninayo. Sina maelezo.

Nilimuuliza Fundi: wewe ulikuwepo msibani, ulibeba jeneza begani, ulijua. Kwa nini ulipima? Akasema, "Mzee, orodha ni yako. Asiyefutwa mimi nampimia."

Kosa ni la kiutendaji na ni langu, nakiri. Lakini matokeo yake yameniangukia mimi peke yangu. Kwa sababu Fundi alipanga nafasi kwa kufuata milango, zile nafasi mbili za mwisho, zinazotazamana mbele ya mlango wangu, ni yangu na ya wifi yako. Hakuna anayezikalia. Benchi likijaa watu wanabanana hukohuko juu kama samaki wa kopo, na mtoto akisogea huku Bibi anamfukuza, "Toka hapo, hapo pana wenyewe!" Kila jioni nikivuta pazia naona futi mbili za mbao tupu, zimepigwa msasa mpaka zinang'aa, na upande wa pili futi mbili nyingine. Inaniuma, Mwenyekiti. Naomba neno hilo liingie kwenye kumbukumbu za kikao kama lilivyo.

5. Ukimya.

Wiki iliyopita nilivunja utaratibu wangu mwenyewe nikakulalamikia kwa mdomo, pale bombani. Nilikuambia, "Hebu waambie watu wako waniache nipite." Nilikuwa na ndoo mkononi na jua linawaka, sikuwa nimepanga maneno. Wewe ukaitikia tu, "Sawa, kaka." Sikujua kwamba kwa mara ya kwanza tangu uchaguliwe ungetekeleza jambo siku ileile.

Jioni yake, Jumapili hiyohiyo, nikatoka na jagi. Nikapita. Hakuna aliyesema kitu. Watu ishirini wametazama sahani kana kwamba kuna mtihani umeandikwa mle. Nikajaza jagi, nikarudi. Kimya. Nikalimwaga lile jagi kwenye maua ya Nesi, nikatoka tena. Kimya. Nikakohoa. Nikaangusha mfuniko, ukazunguka pale chini muda mrefu tu, na hakuna aliyeinua uso. Mara ya tano Nesi alifungua mdomo, nikamwona kabisa, na Fundi akamsukuma kwa kiwiko. Bibi alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa kanga, kwa kuwa anajijua. Nilipita mara saba. Maua ya Nesi nadhani hayatapona.

Niliingia ndani nikakaa kitandani na jagi mapajani. Nilikuwa nimepata nilichokiomba. Nilijisikia vibaya kuliko siku ya arubaini, maana siku ile angalau watu walikuwa wananisemesha.

Najua utasema kaka yako hana msimamo: wakimkaribisha analalamika, wakinyamaza analalamika. Nakujibu kwamba kabati moja linaweza kukaa na majalada mawili yanayopingana, mradi kila moja liwe na jina lake mgongoni. Nalalamika kwamba walisema, na nalalamika kwamba wameacha. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yamesababishwa na meza.

MAOMBI

Kutokana na hayo, naomba Kamati yako ichague mojawapo ya hatua zifuatazo, au zote.

(a) Meza iondolewe. Nimemuuliza Fundi, amecheka. Anasema njia ya kutokea uani ina kona, na kitu cha futi ishirini na mbili kisichokuwa na misumari ya kung'oa hakipindi kona. Aliijenga humu, na humu itabaki. Kwa hiyo ombi hili naliweka kwa ajili ya kumbukumbu tu.

(b) Neno "karibu" liwekewe utaratibu. Kila chumba kipewe karibu moja kwa wiki, kwa zamu, kama zamu za kufagia. Itolewe kwa maandishi, na mimi nitaijibu kwa maandishi ndani ya siku saba za kazi.

(c) Kama (b) ni ngumu, Kamati inipatie cheti chenye mhuri, cha ukubwa wa kuvaliwa shingoni, kisemacho: "Mwenye cheti hiki ameshiba." Nitakivaa nikienda bombani. Watakaotaka kuhakiki wakahakiki ofisini kwako.

(d) Kama vyote hivyo vitashindikana, meza ikatwe futi mbili upande wa mlango wangu, pamoja na mabenchi yake. Ni kazi ya nusu saa kwa msumeno mzuri. Wanaokula pale ni ishirini. Watu ishirini wanahitaji futi ishirini. Zile nafasi mbili hazina wenyewe: mmoja hali pale, na mwingine hayupo. Hesabu inakaa sawa, orodha inakaa sawa, na mimi nikifungua mlango sitaona kitu.

Kwa kuwa (a) haiwezekani, na (b) na (c) nakujua hutazisoma mpaka mwisho, nasisitiza (d).

Ni mimi, mpangaji wako ambaye hajawahi kuruka zamu ya kufagia, wala kuanika nguo kwenye kamba ya mwenzake bila kuandika dokezo.

KARANI MSTAAFU,
Chumba Namba Saba

Wasalimie wote hapo kwako, nikianzia na shemeji yangu, mwambie mguu wake aukande kwa maji ya chumvi. Msalimie Bibi, lakini usimwambie nimemtaja mara nyingi. Msalimie Nesi na umpe pole ya maua. Watoto wa chumba cha nane wasalimie kwa pamoja, hao wakisalimiwa mmoja mmoja jua linazama. Na wewe uchemshe hiyo tangawizi.

Nakala:
Fundi, Chumba Namba Tano (kwa utekelezaji)
Bibi, Chumba Namba Mbili (kwa taarifa, asomewe na Nesi)
Jalada

NYONGEZA. Alhamisi, saa saba mchana.

Mdogo wangu, barua hii bado ninayo mimi. Nakala ndizo zilizotangulia.

Jana jioni, kwa mazoea ya kazi, nilisambaza nakala kwanza ili asubuhi nikuletee barua yenyewe nikiwa nimenyoa ndevu. Sasa ile ya Fundi nilikuwa nimeiandika "kwa utekelezaji," na yule ni mtu wa kutekeleza. Leo saa mbili asubuhi nimesikia futi kamba ikirudi kwenye kopo lake, krrr, nje ya mlango wangu. Nimefungua. Amekwisha kupiga mstari wa penseli kukata meza nzima, mstari umenyooka kama wa rula yangu, na msumeno uko gotini anaupaka nta ya mshumaa. Akaniambia, "Shikamoo mzee. Barua yako nimeipata."

Nikamwambia inasubiri uamuzi wa Mwenyekiti. Akatoa karatasi akanionyesha: imeandikwa utekelezaji. Ni kweli. Ilipaswa kuwa "kwa taarifa." Miaka thelathini na minne, na neno hilo sikuwahi kulikosea.

Akainua msumeno, akaweka meno yake juu ya penseli.

Sijui nilifikaje. Ninachojua ni kwamba nilijikuta nimekaa, sina viatu, nina fulana ya ndani, na kiganja changu kiko juu ya ule mstari. Tena sikukaa upande wangu. Nimekaa upande wa ukutani, wa wifi yako. Nikamwambia Fundi mbao hii ni nzuri, haikatwi. Nikarudia mara ya pili. Aliuweka msumeno chini, akaanza kufuta vumbi la mbao mezani, na vumbi lenyewe halikuwepo.

Tangu saa mbili sijanyanyuka, hata barua hii na kalamu ameniletea Nesi kutoka ndani. Naogopa nikinyanyuka atalikumbuka lile neno. Mstari nimeusugua kwa kidole gumba na hautoki wote, kwa hiyo uje na kifutio. Bibi ametoka, ameniona, akapiga yowe la furaha ambalo nadhani umelisikia hadi huko sokoni uliko, na sasa ameleta wali mchana kweupe. Anasema jioni ni mbali, naweza kubadili mawazo. Nimekula sahani mbili. Nilimwambia naonja tu.

Fundi bado amesimama hapa na msumeno wake, kwa hiyo nikamwambia, "Karibu, Fundi." Unajua alichonijibu? Ati asante, ameshiba! Mwongo mkubwa, tumbo lake linanguruma nalisikia hadi huku. Ndiyo kwanza nimejua lile jibu linavyomfika aliyekaa. Samahanini sana, nyote ishirini.

Malalamiko yote nimeyafuta, uyasome kama hayakuandikwa. Orodha ya wapangaji iacheni kama ilivyo, majina ishirini na mawili. Upande wangu hapa mbele uko wazi, futi mbili kamili, na mimi siwezi kuendelea kuutazama peke yangu, kwa hiyo nampa Nesi barua hii akuletee mbio. Acha unachofanya uje ukae hapo. Karibu, mdogo wangu. Na ukiniambia umeshiba, nakuandikia barua nyingine.